Buti za Nyaatha na Mataji ya Malkia

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Mfalme George wa Sita alifia usingizini huko Uingereza. Binti yake Elizabeth, aliyelala juu ya mti katika hoteli ya Treetops kwenye msitu wa Aberdare, akawa malkia pasipo kujua. Alipashwa habari mchana wake, akiwa ameshashuka na kurudi Sagana Lodge. Kisa hicho kimewapa riziki watu wa utalii wa Nyeri kwa miaka sabini na zaidi. Lakini nenda Mukurweini, umkute mama aliyeuguliwa na mtoto na aliyekwisha maliza dawa za zahanati. Mwanamke wa Kizungu anayemtaja katika sala zake si malkia huyo. Ni Nyaatha, sista wa Kiitaliano aliyefia Gikondi mwaka 1930 na ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015.

Hakuwa na taji wala ukoo wa kujivunia. Kwa historia ndefu ya watakatifu wa kike, hilo ni jambo la kuuliza, kwa sababu kwa karne nyingi njia ya mwanamke kufika altareni ilipita kwenye jumba la mfalme. Wanawake wema walikuwa wengi katika Karne za Kati, na wengi wao walikuwa maskini, ila waliokumbukwa kwa majina ni malkia, mabinti wa wafalme na mama wakuu wa monasteri zilizojengwa kwa fedha za wafalme. Margaret wa Scotland alikuwa mke wa Mfalme Malcolm wa Tatu, akafa mwaka 1093, akatangazwa mtakatifu mwaka 1250. Jadwiga wa Poland alitawala kwa haki yake mwenyewe, akafa mwaka 1399 akiwa bado kijana, na akangoja hadi 1997. Orodha ni ndefu, na ukiipitia jina kwa jina utaona ni orodha ya majumba ya kifalme kuliko ya nyumba za watu.

Upande wetu huu wa dunia mfano ulio karibu zaidi ni Meskel Kibra, malkia wa Ethiopia, mke wa Mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linamheshimu kama mtakatifu, sawa na mumewe. Pale Lalibela, kwenye makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, liko moja liitwalo Abba Libanos, ambalo mapokeo yanasema alilijenga yeye kumkumbuka mumewe, malaika wakimsaidia usiku. Kisa chake kinachonivutia zaidi ni cha ng'ombe. Inasimuliwa kwamba Meskel Kibra ndiye aliyemshawishi mumewe kumwachia kiti mpwa wake, Na'akueto La'ab. Haikupita miaka miwili, askari wa mfalme mpya wakampokonya mkulima maskini ng'ombe wake wa pekee. Malkia aliposikia, akamwambia mumewe arudi kwenye kiti chake. Wanahistoria wanashuku kwamba kisa hiki ni kitambaa kilichofunika ugomvi wa kugombea ufalme, na huenda wana haki. Hata kama ni hivyo, mtazame mkulima. Jina lake hatulijui. Ng'ombe wake aliingia katika historia kwa sababu malkia alimsikitikia.

Ulaya ina kisa kama hicho, na chenye nyaraka nyingi zaidi. Elizabeth wa Hungaria alizaliwa mwaka 1207, binti wa Mfalme Andrew wa Pili. Watu wengi humwita malkia, ingawa kwa cheo alikuwa mke wa mtawala wa Thuringia, Ujerumani. Aliolewa akiwa na miaka 14. Mwaka 1226, njaa ilipoikumba nchi na mumewe hayupo, alifungua maghala ya ngome ya Wartburg akawagawia watu nafaka. Mwaka uliofuata mumewe akafa njiani akielekea Vita vya Msalaba. Elizabeth akaiacha ngome, akajenga hospitali Marburg, akawaosha wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe, huku padri muungamishi wake, Konrad wa Marburg, akimtendea kwa ukali ambao leo tungeuita unyanyasaji. Alikufa mwaka 1231 akiwa na miaka 24 tu. Mwaka 1235 Papa Gregory wa Tisa akamtangaza mtakatifu.

Miaka minne! Kasi hiyo haikuletwa na wema peke yake. Shemeji zake walikuwa watawala, na chama cha mashujaa wa Kijerumani kilikuwa kikiitaka Marburg iwe kituo chake. Mwili wake ulipohamishiwa kaburi jipya mwaka 1236, Kaizari Frederick wa Pili mwenyewe alikuwapo. Kanisani Roma nako, Gregory huyo huyo alikuwa ametoka kuthibitisha, katika sheria zake za mwaka 1234, kwamba kumtangaza mtakatifu ni mamlaka ya papa peke yake, kwa hiyo alihitaji mifano mizuri ya utaratibu mpya. Tume ikatumwa kukusanya ushahidi. Wanawake wanne waliomhudumia Elizabeth wakahojiwa, maneno yao yakaandikwa, na yapo hadi leo. Kwa kawaida hakuna karani wa karne ya 13 aliyejisumbua kuandika alichosema mtumishi wa kike jikoni. Hawa waliandikwa kwa kuwa bibi yao alikuwa binti wa mfalme.

Sasa tumrudie wa kwetu. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, jimbo la Brescia, kaskazini mwa Italia, akapewa jina Mercede Stefani. Nyumba yao ilikuwa na watoto kumi na wawili. Mwaka 1911 akaenda Turin kujiunga na shirika changa la Masista Wamisionari wa Consolata, lililoanzishwa mwaka mmoja tu kabla na padri Giuseppe Allamano. Alipovaa vazi la utawa akaitwa Irene. Mwisho wa 1914 alipanda meli, na Januari 1915 akatia mguu Mombasa, kisha akapanda bara hadi Nyeri.

Tawi la wanaume la Consolata lilikuwa limeingia nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, mwezi Juni, wamisionari wa kwanza walipopokelewa Tuthu na chifu Karuri wa Gakure. Miaka michache baadaye makao makuu yakawa Nyeri, na Mathari ikawa misheni yenye shule, wagonjwa, karakana na shamba kubwa la kahawa. Ardhi ile ilikuwa na wenyewe kabla ya misheni, na vibarua waliochuma kahawa walikuwa watoto wa wenyewe hao. Hili huwa halitajwi siku za sikukuu ya Nyaatha, na ninadhani ni kosa, kwa kuwa mtakatifu asiye na mazingira hugeuka picha ya kalenda. Irene alifika nchi iliyokwisha kutwaliwa, chini ya serikali ya kikoloni na chini ya askofu, Filippo Perlo, aliyekuwa na bidii ya kujenga na mkono mzito wa kuamrisha. Sista kijana hakuwa na sauti katika lolote kati ya hayo.

Tena hakukaa sana Nyeri. Vita Kuu ya Kwanza vilikuwa vimefika Afrika Mashariki, Waingereza wakimfukuza Jenerali Lettow-Vorbeck kuanzia mpaka wa Taveta hadi mto Ruvuma na kuvuka. Hakukuwa na barabara, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, kwa hiyo mizigo ikawekwa vichwani mwa watu. Kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, ndicho kilichoacha majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Vijana wa Nyeri, Murang'a, Ukambani, Nyanza na pwani walikamatwa kwa maelfu, wengi kwa nguvu, na makumi ya maelfu hawakurudi. Risasi iliua wachache. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu ndizo zilizowamaliza, pamoja na unga usiopikika vizuri na baridi ya mvua kwa mtu asiye na blanketi.

Masista wa Consolata waliombwa kuhudumu katika hospitali za wapagazi, na Irene akawa Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, hadi vita vilipokwisha. Hospitali ni neno la heshima. Yalikuwa mabanda na mahema, wagonjwa wakilala sakafuni, na kila asubuhi maiti zikitolewa. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha Mkikuyu, Mluo, Mmakua na Myao waliolala bega kwa bega, na sista huyu alilazimika kukisema. Masimulizi ya shirika yana kisa cha Kilwa: mgonjwa aliyedhaniwa amekufa akabebwa pamoja na maiti hadi ufukweni kungoja maziko. Irene alipokikuta kitanda kitupu akaenda gizani, akapekua miili mmoja mmoja hadi akampata mtu wake, bado anapumua.

Sehemu hii ya maisha yake inapaswa kusomwa kwa makini na watu wa Majengo kuliko wengine. Majengo ya Nyeri, kama yale ya Nanyuki, Meru na miji mingine ya Kenya, ni mtaa uliokua kutokana na watu wa aina ile ile: askari, wapagazi, wapishi na wachuuzi waliofuata misafara, wengi wao Waislamu, waliotua penye mji mpya wakajenga nyumba za udongo, wakaswali, wakaoa. Babu za mtaa kama huu ndio waliokuwa wakilala kwenye mabanda ya Kilwa. Na katika mabanda hayo sista Irene, kwa imani ya Wakatoliki wa wakati wake, aliwabatiza watu waliokuwa wakikata roho, na vitabu vya shirika vinahesabu ubatizo huo kwa maelfu na kuuweka katika utukufu wake.

Mwislamu akisoma hayo lazima ajiulize: mtu mwenye homa kali, asiyejitambua, amekubali nini? Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na Kanisa lenyewe lilikuja kulijibu. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko juu ya uhuru wa dini, ukasema mtu asilazimishwe katika mambo ya imani. Mwaka 1917 watu hawakufikiri hivyo. Sista aliamini kwamba asipommwagia maji mtu huyu atapotea milele, na kwa imani hiyo kumwacha kungekuwa ukatili. Unaweza kuona nia njema na bado ukaona kosa. Ninalolipinga ni tabia ya wasimulizi ya kuhesabu vichwa. Aliyekufa Kilwa alikuwa tayari amehesabiwa na jeshi kama mzigo, na haikupendeza ahesabiwe mara ya pili kama mavuno. Kilichobaki cha kumsifu Irene kwa watu wa dini zote ni kile kisichohitaji hesabu: alifunga vidonda vilivyooza ambavyo wauguzi wa kijeshi walivikwepa, na hakuchagua wa kumfunga.

Baada ya vita akarudi milimani. Kuanzia 1920 hadi kifo chake aliishi Gikondi, huko Mukurweini, nchi ya mabonde na miinuko mikali, ambapo kutoka nyumba hii hadi ya pili unashuka hadi mtoni na kupanda tena. Alikwenda kwa miguu, amevaa buti kubwa kupita miguu yake, na watu walimjua kwa buti hizo kabla hajafika. Alifundisha shule, alifundisha katekisimu, alizalisha, alitibu vidonda vya funza. Hapo ndipo wenyeji walipomwita Nyaatha, mwenye huruma, na jina hilo likaenda mbele yake kuliko lile la kitawa.

Kati ya kazi zake, moja ndogo inanieleza habari nyingi kuliko miujiza yote. Alikuwa mwandishi wa barua. Miaka ya 1920 ni miaka ya kodi ya kibanda na kipande. Ili kodi ipatikane, vijana wa Gikondi walikwenda Nairobi, Mombasa na mashamba ya walowezi Bonde la Ufa. Nyuma walibaki mama zao, wasiojua kusoma, na mwezi ukapita, na mwaka. Mama alikaa akasema aliyokuwa nayo moyoni: mbuzi amezaa, baba yako anaumwa, yule msichana uliyemwacha ameposwa na mwingine, rudi. Sista akaandika. Jibu lilipokuja, lilisomwa kwa sauti papo hapo misheni. Inawezekana kabisa kwamba katika Gikondi ya wakati huo hakuna mtu aliyejua siri za nyumba nyingi kama yeye, na pengine ndiyo sababu alipendwa na hata wale ambao hawakukanyaga kanisani.

Ilikuwa pia miaka ya msukosuko. Mwaka 1929 misheni za Kiprotestanti, Tumutumu ya Wascotland ikiwemo, hapo jirani, ziliwataka waumini wao waikane tohara ya wasichana, na watu wengi wakahama na watoto wao wakaanzisha shule na makanisa huru. Wakatoliki hawakudai kiapo kama hicho, kwa hiyo baadhi ya waliofukuzwa kwingine waligonga milango yao. Wanaosema kwamba Nyaatha alivuta watu kwa huruma yake tu wanasahau kwamba milango mingine ilikuwa imefungwa.

Kifo chake ni kifupi kusimulia. Oktoba 1930 tauni ilikuwa Gikondi. Ni ugonjwa wa viroboto wa panya, na panya hufuata ghala la mahindi. Ukiingia kwenye mapafu huambukizwa kwa pumzi, na wakati ule haukuwa na dawa, kwa kuwa streptomaisini haikugunduliwa hadi 1943. Mwalimu wa hapo akaugua. Sista akamuuguza, akamshika mikononi, akaambukizwa. Tarehe 31 Oktoba akafa, akiwa na miaka 39. Akazikwa Mathari.

Hapa ndipo tofauti na Elizabeth wa Hungaria inapojitokeza. Binti mfalme yule aliyewaosha wagonjwa na kufa kijana alipata altare kwa miaka minne. Huyu, kwa maisha yanayofanana sana na yale, alisubiri miaka 85 kufika daraja lililo chini ya utakatifu. Sheria zilibadilika katikati. Mwaka 1634 Papa Urban wa Nane alikaza taratibu na kukataza ibada za hadharani kwa mtu ambaye Roma haijampitisha. Mwaka 1983 John Paul wa Pili akazilegeza, muujiza mmoja ukitosha kwa mwenye heri na mwingine baadaye kwa mtakatifu. Lakini kwa sheria kali au nyepesi, lazima pawepo anayesukuma faili. Elizabeth alikuwa na kaizari. Nyaatha alikuwa na shirika. Masista wa Consolata walitunza barua, walikusanya ushahidi wa wazee wa Gikondi miaka ya 1980 wakiwa bado hai, waliandika vitabu na kuwalipa wataalamu wa Roma. Mwaka 2011 Papa Benedict wa Kumi na Sita alikubali kwamba fadhila zake zilikuwa za kishujaa. Ikabaki muujiza.

Nyeri haikutoa muujiza huo. Ulitoka Nipepe, mkoa wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, Januari 1989, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado havijaisha. Makatekista na familia zao walikuwa wamekusanyika misheni, waasi wa Renamo wakashambulia, na watu wapatao 270 wakakimbilia kanisani wakajifungia. Nje risasi, ndani joto la Januari, watoto wanalia kiu. Maji yaliyokuwamo ni yale ya kisima cha ubatizo, lita chache ndani ya gogo lililochongwa. Wakamwomba sista Irene, ambaye mchakato wake ulikuwa umeanza na ambaye picha yake waliifahamu kwa kuwa misheni ni ya shirika lake. Kwa siku kadhaa walikunywa humo, na mama mmoja akajifungua, na mtoto akaoshwa kwa maji hayo hayo, akaitwa Irene. Walionusurika walisema maji hayakwisha. Juni 2014 Papa Francis aliidhinisha.

Mashaka yana nafasi yake. Nani alipima gogo? Watu mia mbili na zaidi, siku kadhaa, kwa hofu ile, wanaweza kukumbuka vibaya. Roma yenyewe kwa kawaida hupendelea maradhi yenye faili la hospitali kabla na baada, kwa kuwa daktari anaweza kuhojiwa. Lakini kesi ya Nipepe ina jambo linalonipendeza hata kwa jicho la mwenye shaka: mashahidi wake ni wakulima wa Kiafrika, wengi hawajui kusoma, na ushahidi wao ulipelekwa Vatikano ukabishaniwa na wanateolojia kama ushahidi wa watu wazima. Mashahidi wa Marburg walipata sikio la tume kupitia jina la binti wa mfalme. Wa Nipepe walilipata kupitia jina la sista aliyekufa kwa tauni kijijini.

Ibada ya Mei 2015 ilifanyika katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Rais Uhuru Kenyatta akihudhuria na Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam akiongoza kwa niaba ya papa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutangazwa mwenye heri katika ardhi ya Kenya. Siku ile ile, San Salvador, Askofu Mkuu Oscar Romero naye alitangazwa mwenye heri, kwa hiyo vyombo vya habari vya dunia vilitazama Amerika. Hapa Nyeri hatukuona kasoro. Hoteli zilijaa, matatu zilipandisha nauli, na mchuuzi wa Majengo aliyeuza maji na mandazi siku hiyo hakuuliza mteja anaswali au anasali.

Uwanja ule una jina zito. Kimathi alikamatwa katika wilaya hii hii mwezi Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sista wa Kizungu wa enzi ya ukoloni kuheshimiwa kwenye chuo chenye jina la jemadari wa Mau Mau ni jambo ambalo wengine waliliona kama upatanisho na wengine kama usahaulifu. Nadhani watu wa Nyeri wamezoea tu kuishi na vyote viwili. Mji huu una kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, na una watu ambao baba zao walifungwa kwa kula kiapo, na wote hukutana soko moja.

Kilichobaki bila jibu ni wanawake wa hapa wenyewe. Karuri yule aliyewapokea wamisionari Tuthu ndiye aliyempandisha Wangu wa Makeri kuwa mkuu wa Weithaga, Murang'a, mwaka 1902, mwanamke pekee mwenye cheo hicho kati ya Wakikuyu wa wakati wake. Kama kulikuwa na malkia katika milima hii, ndiye. Aliachia madaraka mwaka 1909 baada ya kucheza kibata, ngoma ya wanaume, na anachokumbukwa nacho mitaani ni kichekesho kwamba aliwakalia wanaume migongoni. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe mwaka 1940, alisoma St. Cecilia ya Mathari kwa masista wa Consolata, hatua chache kutoka kaburi la Nyaatha, akawa Mkatoliki huko huko, akafukuzwa, akapigwa, akafungwa kwa ajili ya miti na watu, na mwaka 2004 akapata Nobeli ya Amani. Alijenga altare yake mwenyewe nje ya kanisa, nayo imesimama bila hati ya Roma. Wote wawili, Wangu na Wangari, walikuwa na cheo au jina, kwa hiyo tunawajua.

Wasiojulikana ni wale waliotembea na Nyaatha. Sista mgeni hakuingia nyumba za Gikondi peke yake. Kulikuwa na makatekista wa kike na wa kiume, wakalimani, mama waliompikia, wasichana waliobeba dawa. Mwaka 1918 Perlo alianzisha shirika la wenyeji, Masista wa Maria Imakulata wa Nyeri, na wasichana wa Kikuyu walioingia humo walikataa kuolewa katika jamii iliyohesabu mahari na watoto, jambo lililohitaji ujasiri kupita ule wa kutoka Turin. Wengi wao walihudumu miaka hamsini na zaidi katika shule na hospitali za jimbo hili. Congo imempata Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 na kutangazwa mwenye heri mwaka 1985. Sudan imempata Bakhita, mtumwa wa zamani, mtakatifu tangu mwaka 2000. Katika Kenya faili linalozungumzwa baada ya Nyaatha ni la Kardinali Maurice Otunga, aliyefariki mwaka 2003, mtu wa sala na wa maisha ya kawaida, na tena mwana wa chifu mkuu wa Bukusu.

Sheria inadai miaka mitano baada ya kifo, askofu wa kufungua kesi, mashahidi waliomwona mtu kwa macho, na msimamizi wa kulipeleka faili Roma. Nyaatha bado anahitaji muujiza mmoja, na shirika lake linaendelea kukusanya habari za waliopona. Masista wa Maria Imakulata walitimiza miaka mia moja mwaka 2018. Waliowafahamu wale wa kwanza walikuwa watoto miaka ya 1940, na leo waliobaki wanahesabika kwa vidole katika kila parokia. Wakiondoka kabla hawajahojiwa, hata askofu mwenye nia hatakuwa na wa kumwita.